Hakuna, au bado?

Neno nililoliandika mara nyingi kuliko yote kwenye hii kazi ni "hakuna". Sio fuvu, sio kaburi, sio bastola. Hakuna. Watu wakisikia mimi ni mwanajiolojia na kazi yangu ni kuwasaidia wapelelezi kutafuta vitu vilivyofukiwa, macho yanawatoka, na swali la kwanza siku zote ni umeshapata maiti ngapi, sasa ukweli ni kwamba siku nyingi natoka porini na matope mpaka magotini, mgongo umekufa, na jibu nililorudi nalo ni hilohilo moja. Leo nataka niliongelee hilo neno manake liliwahi kuniumbua mbele ya watu, na tangu siku ile nalishika kama mtu anavyoshika waya asiojua kama una umeme.

Ila kwanza kazi yenyewe, manake wengi wanadhani ni mashine tu.

Mtu akifukia kitu anaacha mambo mawili ardhini, chenyewe hicho kitu na lile shimo. Kila mtu anawaza kitu, sisi muda mwingi tunatafuta shimo. Kitu kinaweza kuoza, kinaweza kuliwa na kutu, kinaweza kuwa kidogo kama kiganja, lakini shimo aisee, shimo halisahauliki kirahisi. Ardhi imejipanga yenyewe kwa miaka mingi mno, juu udongo mweusi wenye mizizi, chini yake wa kahawia, chini zaidi rangi inapauka au inakuwa nyekundu mpaka unafika kwenye mwamba unaomeguka, afu anakuja mtu usiku na koleo, anachimba, anarundika pembeni, anarudishia harakaharaka, na hawezi, hata angepewa siku nzima hawezi, kurudisha kila punje pale ilipokuwa. Mweusi unaingia chini, mwekundu unabaki juu, vyote vimechanganyika kama karata. Udongo uliochimbwa unakuwa umelegea, una hewa ndani, kwa hiyo mwanzoni unazidi, panabaki kichuguu, afu mvua mbili tatu zikipita unashuka, panakuwa na kibonde, maji yanatuama, nyasi zinaota tofauti na majirani zake. Wakati mwingine zinastawi sana, wakati mwingine zinadumaa kwa sababu chini kuna nailoni na mizizi imegonga ukuta. Miaka ikipita kibonde kinajaa majani makavu, kwa macho huoni tena kitu, lakini ukiukata udongo wima mstari wa lile shimo bado unauona.

Kwa hiyo kabla sijashusha mashine hata moja kwenye gari nakaa mezani kwanza, siku mbili, wakati mwingine wiki. Naangalia ramani za miamba na udongo, naangalia picha za angani za kabla ya tukio na za baada, natafuta alama iliyojitokeza katikati. Na najiuliza swali la kijinga kabisa: huyu mtu, na koleo moja, gizani, kwa saa moja au mbili alizokuwa nazo, angeweza kuchimba wapi? Kama mwamba upo sentimita 20 chini ya nyasi, pale hajazika mtu, asingeweza, futa. Kama maji yapo juujuu, shimo lingemjaa kabla hajamaliza. Maiti ni nzito jamani, hujui mpaka ujaribu kubeba gunia la uzito ule kwenye kichaka, kwa hiyo mtu hapandi nayo mlima kama anaweza kushuka nayo bonde, na haendi mbali na pale gari lilipoishia. Hapo naanza kupaka ramani rangi, nyekundu ni pa kuanzia, njano ni panapowezekana ila sio sana, kijani ni pale ambapo sitapoteza muda.

Halafu kuna anayeficha ili arudi kuchukua, na kuna anayeficha ili kisionekane tena maisha, na hawa wawili hawachagui sehemu moja. Wa kwanza, wa hela au silaha au madawa, anahitaji alama, mti, jiwe kubwa, kona ya uzio, kitu atakachokiona hata usiku, manake na yeye anaogopa kusahau. Wa pili anataka tu pasionekane na barabara. Ukichanganya hao wawili umepoteza wiki.

Sasa mashine. Kubwa ni rada ya ardhini, inafanana na mashine ya kukatia nyasi, unaisukuma mbele na nyuma kwenye mistari uliyoinyoosha kwa kamba, na mpita njia yeyote atakuuliza mbona nyasi hazikatiki. Inatuma mawimbi ya redio chini na kusikiliza mwangwi. Hewani hayo mawimbi yanakimbia sentimita 30 kwa nanosekunde moja (sekunde ukiigawa mara bilioni), kwenye udongo wa kawaida wenye unyevu kidogo yanashuka mpaka kama sentimita 10, na ukilowa zaidi yanazidi kuwa mazito, manake maji ndiyo yanayoyachelewesha. Kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya nanosekunde 20 najua safari nzima ilikuwa mita 2, kwenda na kurudi, basi kitu kipo kama mita 1 chini. Na kitu chenyewe hakionekani kama kitu. Kwenye skrini unaona upinde, kama bakuli lililopinduliwa, kwa sababu mawimbi yanatawanyika kama mwanga wa tochi, kwa hiyo mashine inaanza kukiona kitu kabla hujakifikia, kinaonekana kipo mbali zaidi, ukikikanyaga kinakuwa karibu kabisa, ukikipita kinashuka tena.

Tatizo ni kwamba mzizi nao unatoa upinde. Na jiwe. Na bomba la maji la zamani ambalo halipo kwenye ramani yoyote, na shimo la mnyama. Upinde mzuri kuliko wote niliowahi kuuona maishani, msafi, una kina kinachoeleweka, urefu kama wa mtu aliyejikunja, tulifukua kimyakimya watu sita hakuna anayeongea, tukakuta mbwa. Mbwa wa mtu. Kazikwa na blanketi lake na bakuli lake la chakula, amelazwa upande vizuri kabisa. Tukamrudishia na bakuli lake, afande mmoja akavua kofia, sijui kwa nini ila hakuna aliyecheka.

Na kuna udongo ambao rada haifai kabisa. Mfinyanzi uliolowa, au udongo wenye chumvi, unayameza mawimbi, unasukuma asubuhi mpaka jioni skrini inakuonyesha ukungu tu. Hapo unahamia kwenye umeme, unachomeka vijiti vya chuma ardhini, unapitisha mkondo mdogo, unapima udongo unaukataa kiasi gani, unang'oa vijiti, unasogea nusu mita, unachomeka tena. Ni kazi ya kuchosha akili. Ila kwa kaburi inasaidia kwa sababu mwili unapooza unatoa majimaji yenye chumvichumvi na umeme unapenda kupita humo. Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walifukia nguruwe kuanzia mwaka 2007 wakawa wanawapima mwaka baada ya mwaka, nguruwe mmoja mtupu, mwingine amefungwa kwenye turubai. Yule mtupu majimaji yake yalionekana vizuri kwa umeme, yule wa kwenye turubai yalibaki humohumo, ila turubai lenyewe likawa linarudisha mwangwi mzuri wa rada. Maana yake njia unayoichagua inategemea jinsi muuaji alivyofunga mzigo wake, na hilo ndilo hujui.

Mbwa wa kunusa nao tunawatumia, na hapo watu hawaelewi mwanajiolojia anahusikaje. Mbwa anakaa chini, anasema ni hapa. Unachimba, hakuna kitu. Wanamlaumu mbwa. Mbwa hajakosea, harufu imesafiri na maji chini ya ardhi imetokea kwenye chemchemi, labda mita 40 chini ya mteremko, na kazi yangu ni kurudi nyuma na maji mpaka yalikotoka. Ndio maana tunatoboa kwanza vitundu vyembamba kwa nondo, tunaacha ardhi ipumue kidogo, ndio mbwa anapita.

Haya. Sasa niwaambie nilivyoumbuka.

Ilikuwa mwanzoni mwanzoni, bado nina ile hamu ya kuonekana najua. Ilitafutwa bastola. Shahidi kasema imefukiwa shambani, shamba lenyewe lilishaachwa, karibu na kona ya uzio. Nikapewa siku moja. Nyasi zilikuwa kiunoni, nikaomba zikatwe, nikaambiwa hakuna muda, na badala ya kusema basi siwezi, nikasema sawa. Chombo nilichokuwa nacho ni magnetomita, kinapima nguvu ya sumaku ya dunia, ambayo inakuwa kama kati ya nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 25,000 na 65,000 kutegemea upo wapi duniani, na kipande cha chuma kilichofukiwa kinaivuruga kidogo pale juu yake. Kidogo kweli. Na kuna sheria moja ya hesabu ambayo nilikuwa naijua darasani lakini mikono yangu ilikuwa bado haijaijua, kwamba huo mvurugo unapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Umbali ukizidi mara mbili, ishara inabaki moja ya nane. Mara tatu, moja ya ishirini na saba. Sasa mimi na zile nyasi nikawa nabeba mashine juu, kifuani, ili isikwame. Na kwa sababu ya muda mistari yangu niliiachanisha mita 2. Na waya wa uzio ulikuwa palepale unapiga kelele za sumaku kuliko bastola mia.

Jioni nikaandika ripoti. Sentensi ya mwisho naikumbuka neno kwa neno: "Eneo lote limekaguliwa na hakuna silaha." Nilijisikia vizuri sana, ilikuwa sentensi ya kiume.

Miezi tisa baadaye kuna jamaa walikuwa wanachimbia nguzo mpya za uzio, koleo likagonga chuma. Bastola. Ndani ya eneo langu, sio nje, ndani, kama mita moja na nusu kutoka kwenye waya.

Nilipoitwa mahakamani nilidhani wataniuliza mambo ya udongo. Wakili wa utetezi alikuwa mpole, mpole kabisa, na hao ndio wa kuogopwa.

"Mtaalamu, haya ni maandishi yako?"

"Ndiyo."

"Naomba uisomee mahakama sentensi ya mwisho."

Nikasoma.

"Kwa hiyo siku ile silaha haikuwepo. Miezi tisa baadaye ikawepo. Sasa tuambie mtaalamu, nani aliipeleka?"

Mnaona alichokifanya? Hakuhitaji kumtetea mteja wake hata kidogo. Alichukua "hakuna" yangu akaigeuza ikawa ushahidi kwamba polisi wameipandikiza bastola. Na kwa jinsi nilivyoandika alikuwa sahihi, ndicho nilichosema, nilisema haipo. Sikusema sijaiona. Mtoto mdogo anajua tofauti ya "haipo" na "sijaiona", mama akimtuma kijiko akirudi mikono mitupu anasema sijakiona, hasemi hakipo, manake anajua mama akienda mwenyewe atakikuta. Mimi na cheti changu nilisema haipo.

Kilichotuokoa ni mwenzangu aliyeenda kuifukua. Huyu dada ni mvumilivu kupita kiasi, hakuing'oa, aliikata pamoja na bonge lake zima la udongo, akaifunga, akaipeleka maabara vilevile. Na pale ndani ya bonge kulikuwa na mzizi. Mzizi umepita kwenye kale katundu ka kuingizia kidole kwenye traiga, umeingia upande huu umetokea upande wa pili, afu ukaendelea kunenepa mpaka chuma kikaubana, ukawa umevimba huku na huku na kiuno katikati kama chungu (mdudu). Mtaalamu wa mimea akaukata akaangalia kwa hadubini, akasema mzizi huu una zaidi ya miaka miwili humu. Na kutu ilikuwa imetoka kwenye chuma imeingia kwenye mchanga, imegandisha punje zikawa kama ganda gumu limeizunguka bastola yote, ukilitoa unaona umbo lake ndani kama kalibu. Hicho kitu hakitokei kwa wiki wala kwa miezi michache. Bastola ilikuwepo siku napita. Nilipita karibu yake.

Kwa hiyo ikabidi niseme hadharani, mahakamani, mbele ya wakili na hakimu na yule mwenzangu: "Ilikuwepo. Mimi ndiye sikuiona." Hakimu akaandika. Mpaka leo nasikia ile kalamu.

Baada ya hapo nilibadilisha utaratibu. Siku hizi kabla sijaanza kutafuta nafukia cha kwangu. Kama natafuta bastola, naomba chuma cha ukubwa ule, naenda pembeni kwenye udongo uleule, nakifukia sentimita 30, nakipitia. Nakisikia? Sawa. Nashusha mpaka 50. Nakisikia bado? Nasogea pembeni nusu mita, naangalia kinapotelea wapi. Hapo ndio najua mistari yangu iwe karibu kiasi gani, na ndio naandika kwamba kama kitu cha ukubwa huu kingekuwa kwenye kina hiki ndani ya mistari hii ningekiona, na hapa na hapa na hapa sikufika, kwa sababu hii. Ripoti zimekuwa ndefu, wapelelezi wananilalamikia. Kuna mmoja aliniambia, "Wewe bwana tunakuomba jibu la ndiyo au hapana unatuletea hotuba." Nikamwambia afande, jibu la hapana nilishawahi kulitoa.

Na sio mimi tu. Mwaka 1999 Ireland na Uingereza ziliunda tume ya kutafuta mabaki ya watu waliouawa na kuzikwa kwa siri wakati wa machafuko ya Ireland Kaskazini. Mmoja wao alikuwa Jean McConville, mama wa watoto kumi aliyechukuliwa Belfast mwaka 1972. Mwaka huohuo wa 1999 wakachimba ufukwe wa bahari walioelekezwa, wakachimba sana, hawakumpata. Mwaka 2003 watu waliokuwa wanatembea tu kwenye ufukwe mwingine jirani, Shelling Hill, ndio waliomuona. Mchanga wa ufukweni unahama, unaliwa na mawimbi, na kumbukumbu ya mtu aliyefukia usiku nayo inahama. Kule Saddleworth Moor, Uingereza, ambako wauaji wawili walizika watoto na vijana waliowaua, Pauline Reade alizikwa mwaka 1963 akapatikana 1987, na Keith Bennett aliyeuawa 1964 akiwa na miaka 12, eneo hilohilo, wanamtafuta miaka na miaka, mwaka 2022 polisi wakachimba tena baada ya mtu kudai kaona mabaki, wakafunga bila kitu. Udongo wa kule ni wa kinamasi, mweusi, umejaa maji, na unahifadhi mwili kwa namna ambayo inachanganya watu hata kwenye tarehe.

Kwenye hilo la tarehe kuna kisa nakipenda sana. Lindow Moss, Uingereza hukohuko, mwaka 1983, wachimbaji wa udongo wa kinamasi wakaokota fuvu la mwanamke. Kulikuwa na jamaa alikuwa anahisiwa siku nyingi kwamba kaua mke wake na nyumba yake ilikuwa karibu na hapo, alipoelezwa kuhusu fuvu akakiri kila kitu. Afu fuvu likapimwa umri, likaonekana lina zaidi ya miaka 1,600. Halikuwa la mke wake kabisa. Akahukumiwa kwa maneno yake mwenyewe, mke wake hajapatikana. Ukiniuliza mimi hiyo kesi ilitatuliwa na jiolojia ya kubahatisha.

(Wapo wenzetu wa upande mwingine, wale wa udongo kwenye viatu. Huo upande ndio una sifa, tangu Georg Popp wa Frankfurt mwaka 1904 alipoangalia leso ya mshukiwa akaona chembe za makaa na madini, mpaka Wamarekani kwenye vita vya pili walivyochambua mchanga wa mifuko iliyokuwa inaning'inia kwenye maputo ya mabomu kutoka Japani wakajua yanarushwa kutoka fukwe gani. Wale wanakaa maabara, wana kiyoyozi. Siwaonei wivu. Kidogo.)

Mwaka jana tulikuwa tunatafuta kijana. Siku tatu tulipewa. Mama yake alikuja kila siku, akawekewa kiti nje ya utepe, akakaa na pochi yake mapajani hatikisiki. Siku ya pili rada ikatupa kitu, sio upinde, ila mistari ya udongo ilikatika ghafla, ikaendelea mita mbili mbele, kule katikati fujo. Huo ndio mchoro wa shimo. Nikapiga magoti na mwiko, ule wa fundi ujenzi.

Hii sehemu ndio naipenda hata kama matokeo yake yanaumiza. Unakwangua, huchimbi. Unavuta mwiko kuelekea kwako, unatoa ngozi ya udongo nyembamba kama karatasi, unaweka kwenye ndoo, unavuta tena. Mkono ndio unaanza kujua kabla ya jicho, upande mmoja mwiko unasuasua, udongo mgumu, upande wa pili unateleza tu. Afu rangi, mstari umenyooka, huku kahawia safi, huku madoadoa. Asili haichori mstari ulionyooka. Ukifuata ule mstari kwenda chini, kwenye mfinyanzi unakuta ukuta wa shimo, na ukuta wa ile siku ulikuwa na alama za koleo, zimebaki, mapigo yamepangana moja pembeni ya jingine, bapa, yana ncha ya mviringo kidogo, upana kama wa kiganja na nusu. Unaona kabisa mtu alisimama upande gani. Nikanyamaza, wenzangu wakajua, wote wakanyamaza, na mama pale kwenye kiti akasimama manake kimya chetu alikielewa.

Sentimita 40 nikapata mkaa. Afu vipande vya chupa. Afu kopo. Lilikuwa shimo la kuchomea taka la zamani, kabla hata ya huyo kijana kuzaliwa. Tuliendelea mpaka chini kabisa kwenye udongo usioguswa kwa sababu mtu anaweza kutumia shimo lililokwishachimbwa, ila chini palikuwa safi.

Siku ya tatu jioni tukafunga. Mpelelezi akaenda kuongea na mama, mama akamsikiliza mpaka mwisho akaniita mimi kwa mkono. Akaniuliza, taratibu, kama anavyouliza mtu aliyelipanga swali lake usiku mzima:

"Mwanangu, hayupo, au hamjamuona?"

Nilitaka kupiga magoti palepale. Miaka yote ile nimejifunza kwa aibu, yeye kaliweka kwa maneno manne.

Nikamwambia, "Mama, hapa tulipopita hayupo, hilo naweza kusimama nalo popote. Kule kwengine hatujamuona."

"Kule wapi?"

Nikatoa ramani. Polisi mmoja alinitazama vibaya, nikajifanya sijaona. Nikamuonyesha kijani yote tuliyoifuta, nikamuonyesha nyekundu tulizochimba na zilivyokuwa, na upande wa chini pale mteremko unapoishia kuna kipande cha njano, kama nusu ya uwanja wa mpira, mfinyanzi umelowa maji mpaka juu. Rada haipiti, vijiti vya umeme navyo safari hii vimeshindwa, vinanipa namba zisizo na maana, na ukichimba shimo linajaa hapohapo. Akaweka kidole chake juu ya ile njano akakiacha pale muda mrefu.

"Na maji yakikauka?"

"Yakishuka chini ya mita moja narudi."

Niliacha bomba pale, bomba la plastiki lenye matundu, nimelichimbia wima, unashusha kamba yenye uzito unasikia linapogonga maji. Kijana wa kituo cha jirani ananipimia kila Jumatatu ananitumia namba kwenye simu. Jumatatu iliyopita ilikuwa sentimita 62.